Jinsi ya kusakinisha Linux Mint kwa flashi kwenye laptopu iliyokataliwa na Windows 11

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo maswali ninayoulizwa ni yale yale. Laptopu yangu imekataliwa na Windows 11, niiuze? Flashi nimeichomeka, mbona haiwaki? Nibonyeze kitufe cha F ngapi? Picha zangu zitapona? Nimeyajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao utayahitaji.

Hapa Uganda jambo hili linatugusa sana kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika ng'ambo. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. HP au Dell ya mwaka 2015 inabaki nje hata kama bado ina nguvu. Mashine hiyo hiyo, ikiwa na RAM ya GB 4 na diski iliyo nzima, inaendesha Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, bila taabu. Mint ni bure, haidai namba ya leseni, na matoleo ya familia ya 22 yatapata masasisho hadi 2029. Nimeichagua badala ya Linux nyingine kwa sababu mtu aliyezoea Windows hapotei ndani yake: menyu iko pale pale chini kushoto, na LibreOffice, programu za ofisi kama Word na Excel, inakuja nayo tayari.

Usiogope. Lakini pia usikimbie. Karibu kila msiba wa kusakinisha mfumo huanzia kwenye maandalizi yaliyorukwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutika. Jihadhari na flashi bandia: kwa nje imeandikwa GB 64, ndani ina GB 4, nayo itapokea faili lako kimya kimya na kuliharibu.
- Laptopu na chaji yake. Kama betri imekufa na mashine inaishi kwa waya tu, chomeka kwenye UPS au inverta, au subiri siku ambayo umeme umetulia. Umeme ukikatika wakati faili zinanakiliwa, utaanza upya tu. Ukikatika wakati sehemu za diski zinapunguzwa, unaweza kupoteza kila kitu.
- Kompyuta ya kuandalia flashi. Inaweza kuwa laptopu yako hiyo hiyo, kama Windows yake bado inawaka. Mwenye simu ya Android pekee anaweza kutumia programu ya EtchDroid na waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu.
- Intaneti ya kupakua faili la karibu GB 3. Bando kwetu hubeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo usipakue mara mbili bila sababu. Tumia bando la usiku, Wi-Fi ya chuo, au mwombe mwenzako faili lake na ulikague kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 3. Faili moja linatosha mtaa mzima, na kugawana ni halali kabisa.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kuwekea nakala za faili zako.
- Simu yenye mwongozo huu, kwa sababu laptopu itakuwa imezimwa.

Neno moja kwa anayetaka kununua mashine iliyotumika: kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe na afungue BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, inayofunguka kabla ya Windows) mbele yako. Mashine zilizotoka kwenye makampuni na shule za ng'ambo wakati mwingine huwa zimefungwa kwa nywila ya BIOS ambayo hakuna aliyepewa. Mashine ya namna hiyo inaweza kukataa kuwaka kutoka kwenye flashi, na kuifungua ni kazi ya fundi mzoefu.

Hatua

1. Hifadhi nakala za faili zako. Nakili Documents, Pictures, Desktop na Downloads kwenda kwenye diski ya nje. Kisha fungua faili tatu nne ukiwa kwenye diski hiyo ili uhakikishe zinafunguka. Watu husahau mambo mawili: nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, na data za programu za uhasibu, ambazo mara nyingi hukaa nje ya folda hizo. Kama una duka na hesabu zake zimo humo, mwite aliyekuwekea programu akuonyeshe data iko wapi.

Je, kama Windows imegoma kuwaka kabisa? Bado unaweza kuokoa faili zako. Andaa flashi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, fuata hadi hatua ya 7, kisha ukiwa ndani ya Mint ya majaribio fungua diski ya laptopu na unakili faili zako kwenda nje. Nawasihi mafundi wafanye hivi kabla ya kumwambia mteja kwamba picha za harusi zimekwenda.

2. Pakua Mint. Nenda kwenye tovuti rasmi, linuxmint.com, siyo kwenye kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp. Utakuta ladha tatu. Cinnamon inafaa mashine yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Xfce ni nyepesi, inafaa yenye GB 2 au yenye diski ya zamani ya kuzunguka. Ya tatu, MATE, iko katikati. Ukishindwa kuamua kwa laptopu ya zamani, chukua Xfce.

3. Kagua faili. Wengi huruka hapa, kisha wanahangaika jioni nzima na makosa yasiyoeleweka. Bando likiyumba, faili linaweza kufika na kasoro. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili halifai.

4. Andika faili kwenye flashi. Kosa namba moja la wanaoanza ni kuburuta faili la ISO (lile la Mint ulilopakua) na kulidondosha kwenye flashi kama wimbo. Flashi ya namna hiyo haiwezi kuwasha kompyuta. Inahitaji programu ya kuiandika, na kwenye Windows ninaipendekeza Rufus, ambayo ni ndogo na ni bure.

Chomeka flashi, ondoa flashi na diski nyingine zote za nje, fungua Rufus. Pale juu hakikisha imechagua flashi yako. Angalia jina na ukubwa, usiamini macho ya haraka. Bonyeza SELECT uchague faili la ISO. Mipangilio mingine iache ilivyo. Bonyeza START. Ikiuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekezwa. Kama una wasiwasi na flashi uliyonunua, weka kwanza alama kwenye kipengele cha kukagua kasoro ndani ya Rufus. Kinachukua muda, lakini flashi bandia haiponi hapo.

Ikimaliza, Windows wakati mwingine hudai kwamba flashi haijaandaliwa na kukuomba ui-"format". Kataa. Ukikubali umefuta kazi yote.

5. Izime Windows kabisa. Windows ya kisasa haizimiki kikamilifu unapoiambia izime. Inajihifadhi nusu usingizini ili iwake haraka kesho. Kwa mtu anayetaka kubaki na Windows pembeni ya Mint, hali hiyo ni hatari kwa faili zake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima.

Kama unabaki na Windows, kuna kazi mbili zaidi kabla ya kuzima. Kwanza tafuta "BitLocker" au "Device encryption", yaani kufuli la diski la Windows, kwenye mipangilio; kama imewashwa, izime na usubiri imalize kufungua diski. Pili, fungua Disk Management na upunguze sehemu ya C ili ubakishe nafasi tupu ya GB 40 au zaidi. Programu ya kusakinisha Mint inaweza kupunguza yenyewe, lakini mimi naiamini zaidi Windows kupunguza sehemu yake.

6. Washa laptopu kutoka kwenye flashi. Chomeka flashi, washa, na mara tu unapowasha anza kugonga kitufe husika mfululizo, tena na tena, hadi menyu itokee. Vitufe vya kawaida ni hivi:

- HP: Esc, kisha F9
- Dell: F12
- Lenovo ThinkPad: F12. Kwenye IdeaPad nyingi kuna kitundu kidogo pembeni. Laptopu ikiwa imezimwa, kibonyeze kwa pini.
- Acer: F12, ila mara nyingi inabidi kwanza uingie BIOS kwa F2 uiruhusu menyu hiyo
- Asus: Esc
- Toshiba: F12

Kama nembo ya Windows imetokea, umechelewa. Zima uanze tena. Kwenye baadhi ya laptopu ndogo lazima ushike Fn pamoja na kitufe hicho. Menyu ikitokea, chagua jina la flashi yako. Likionekana mara mbili, chagua lililoandikwa UEFI. Kisha kwenye menyu ya Mint chagua mstari wa kwanza.

7. Jaribu kabla ya kusakinisha. Sasa Mint inafanya kazi kutoka kwenye flashi, na diski yako haijaguswa. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo wanayoiruka wengi kwa pupa. Unganisha Wi-Fi. Cheza wimbo. Washa kamera. Gusa kila kitufe cha kibodi. Punguza mwanga wa skrini. Funga kifuniko, ukifungue uone kama inaamka. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka flashi, hilo lisikutishe.

Halafu fungua programu iitwayo Disks, chagua diski ya laptopu, na kwenye menyu yake usome SMART, ripoti ya afya ya diski. Ikisema diski inakaribia kufa, simama. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kwanza. Kwenye laptopu ya zamani, kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD kunaleta kasi kuliko badiliko lingine lolote, na fundi yeyote wa Kampala anaweza kukuwekea ukisubiri.

8. Anza kusakinisha. Bonyeza mara mbili "Install Linux Mint" pale kwenye skrini. Chagua lugha unayoisoma vizuri, kisha kibodi. Hapa tulia. Laptopu zilizotoka Uingereza zina kibodi tofauti na za Marekani: alama ya @ iko karibu na Enter badala ya juu ya 2. Ukichagua isiyo yako, nywila yenye alama hiyo itaandikwa tofauti na unavyodhani. Kuna kisanduku cha kujaribia, andika @, " na # uone zinatoka sawasawa.

Ukiulizwa kuhusu kodeki (programu ndogo za kuchezesha muziki na video), weka alama kama una intaneti. Zikikosekana utaziongeza baadaye. Kama Secure Boot (kinga inayozuia laptopu kuwasha mfumo isioutambua) imewashwa, hapo utaombwa utunge nywila. Iandike kwenye karatasi, kwa sababu utaulizwa tena baada ya kuwasha upya.

9. Chagua utakachofanya na diski. Soma polepole.

"Erase disk and install Linux Mint" inafuta diski nzima: Windows, faili, kila kitu. Kama nakala zako ziko salama na huhitaji Windows tena, hii ndiyo njia safi.

"Install Linux Mint alongside..." inaiacha Windows na kukupa chaguo kila unapowasha. Inafaa kama kuna programu ya kazi ambayo ipo kwa Windows tu. Chaguo hili lisipoonekana, usilazimishe kwa kubonyeza la kufuta; rudi hatua ya 5.

"Something else" ni kwa anayejua anachofanya na sehemu za diski. Kama hii ni mara yako ya kwanza, iache.

Kama laptopu ina diski mbili, au umesahau diski ya nje yenye nakala zako ikiwa imechomekwa, hakikisha unayoichagua ndiyo unayoitaka. Bora zaidi, ichomoe ile ya nakala sasa hivi. Ukibonyeza "Install Now" litatokea onyo la mwisho linaloorodhesha kitakachobadilishwa. Hadi hapo unaweza kurudi nyuma. Ukikubali, hakuna kurudi.

10. Saa, jina na nywila. Kwenye ramani chagua Kampala. Andika jina lako, jina la kompyuta, na nywila ambayo hutaisahau, maana utaitumia kila unapoweka programu. Kuna kisanduku cha kufunga folda yako kwa usimbaji: kina maana kwa anayebeba siri za watu, lakini ukisahau nywila hakuna fundi atakayezirudisha faili hizo.

11. Subiri. Kwenye SSD ni kama dakika 10 hadi 20, kwenye diski ya zamani ni zaidi. Ukiambiwa uondoe flashi na ubonyeze Enter, fanya hivyo. Kama ulitunga nywila ya Secure Boot, itatokea skrini ya bluu. Chagua "Enroll MOK", endelea, andika nywila ile.

12. Kazi za siku ya kwanza. Fungua Update Manager uweke masasisho. Ya kwanza hula mamia ya MB, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Fungua Driver Manager uone kama kuna dereva (programu inayoendesha kifaa kama Wi-Fi au kadi ya skrini) linalohitajika. Kisha washa Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa. Timeshift kwa kawaida haihifadhi faili zako binafsi, kwa hiyo diski ya nje bado ina kazi.

Mambo yakikwama

*Flashi haionekani kwenye menyu.* Jaribu tundu jingine, hasa lisilo la bluu. Ingia BIOS uhakikishe kuwaka kwa USB kumeruhusiwa. Ikionekana lakini ikakataliwa na onyo la usalama, zima Secure Boot ujaribu tena. Bado? Iandike upya, au badilisha flashi.

*Skrini nyeusi baada ya kuchagua Mint.* Mara nyingi ni kadi ya NVIDIA. Zima, rudi kwenye menyu ya Mint, chagua mstari wa "compatibility mode". Baada ya kusakinisha, Driver Manager itakupa dereva sahihi.

*Programu haioni diski ya laptopu.* Kwenye BIOS, diski imewekwa kwenye RAID au Intel RST. Mint inahitaji AHCI. Kama unafuta kila kitu, badilisha tu. Kama unabaki na Windows, usibadilishe kabla hujaipanga ianzie kwenye Safe Mode, la sivyo itagoma kuwaka.

*Inakwama katikati na kutaja makosa ya kusoma au kuandika.* Rudia ukaguzi wa hatua ya 3, kisha tumia flashi nyingine. Ikikwama tena mahali pale pale, shuku diski au RAM.

*Wi-Fi haipo.* Ni kawaida kwa laptopu zenye kadi za Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", na utakuwa na intaneti papo hapo. Kisha fungua Driver Manager. Kama huna bando, chomeka flashi ya Mint. Dereva la Broadcom limo ndani yake.

*Laptopu inaingia Windows moja kwa moja, Mint haionekani.* Ingia BIOS, kwenye mpangilio wa kuwasha, upandishe juu mstari ulioandikwa "ubuntu". Usishangae, Mint imejengwa juu ya Ubuntu na hujiandikisha kwa jina hilo. Mstari huo usipokuwepo, washa kutoka flashi ufungue Boot Repair.

*Saa ya Windows inarudi nyuma kwa saa tatu.* Mint huiweka saa ya mashine kwenye UTC (saa ya kimataifa), Windows huidhani ni saa ya hapa, na Kampala iko saa tatu mbele. Ndani ya Mint fungua dirisha la amri (Terminal) uandike timedatectl set-local-rtc 1.

*Tarehe inarudi miaka nyuma kila ukizima, na tovuti zinakataa kufunguka.* Hilo si kosa la Mint. Ni betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Kwenye laptopu nyingine huwa imeunganishwa kwa waya mdogo, kwa hiyo fungua uione kabla ya kwenda dukani.